Pua ya Bi Tausi

Juzi mjukuu wangu alinikaribisha chai chumbani kwake hapa Kalangalala, Geita. Alimimina maji ya moto ya chupa ya chai yaliyokuwa yamelala humo tangu alfajiri, akatumbukiza kipakiti chenye uzi, akakipandisha na kukishusha mara mbili tatu, kisha akasema, "Karibu chai, babu." Nikashukuru, kwa sababu nililelewa. Nikanywa yote. Lakini nimekaa na neno moyoni tangu siku hiyo, na kwa kuwa ninyi vijana wa nyumba hii mnaniuliza kila mara nilikuwa nafanya kazi gani hasa, nimeona niandike.

Nilikuwa mpika chai. Si mwenye hoteli, si mpishi wa pilau. Chai. Segese kwanza, kule kwenye machimbo ya dhahabu, halafu hapa Geita mjini, mpaka magoti yalipogoma. Najua mnacheka. Babu za wenzenu walikuwa madereva, makarani, walimu, na yuko mmoja mnayemjua aliyeokota dhahabu ya ukubwa wa kidole gumba akaoa wake wawili ndani ya wiki moja. Babu yenu alipika chai. Mkimaliza kucheka, sogezeni viti.

Segese sikwenda kupika. Nilikwenda kuchimba, kama kila kijana wa kijijini kwetu aliyekuwa na mikono miwili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kifua mbele, na nyumbani nilikuwa nimewaaga watu kwa majigambo mengi. Siku ya kwanza walinifunga kamba kiunoni wakaniteremsha kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Nilishuka kidogo tu, nikaangalia chini. Sijui nilipiga ukelele gani, ila walionivuta juu walisema haukuwa Kisukuma wala Kiswahili. Nilipofika juu nikakaa palepale kwenye kifusi, na wao walicheka mpaka wakakaa pia.

Kibanda cha karibu kilikuwa cha Bi Tausi. Mabati, mabenchi matatu, jiko kubwa la mkaa na jingine dogo. Yeye mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnene, ushungi umekazwa vizuri asubuhi na mapema. Mzaliwa wa Tabora. Babu yake alitoka pwani na misafara akaoa Mnyamwezi, na yeye alimfuata mume mfanyabiashara mpaka huku kwetu. Mume alifariki, yeye akabaki na sufuria zake. Alinisogezea glasi ya chai bila kuulizwa.

"Kunywa, Msukuma. Mikono inakutetemeka."

"Shikamoo mama. Nikitulia nitarudi shimoni."

"Marahaba. Hurudi," akasema. "Wanaorudi nawajua, hawashiki glasi hivyo. Ukimaliza kaniletee maji ndoo mbili."

Nikaleta maji. Nikaendelea kuleta kwa miaka kumi na minne.

Msidhani nilianza kupika mara moja. Mwaka mzima nilikuwa mtu wa kuteka maji, kuwasha mkaa na kuosha glasi. Bi Tausi hakuwa na haraka ya kumfundisha mtu, na alikuwa na mdomo. Nikiosha glasi ikabaki na alama ya kidole, alikuwa akiiinua juani na kuniuliza kama nimemwekea mteja picha yangu ya ukumbusho. Siku aliyoniruhusu kushika mwiko ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa, na mimi nikajiona nimefika. Nikatwanga tangawizi mbichi, nzuri kabisa, nikaitupa kwenye maziwa yakiwa bado ya baridi. Yalipopata moto yakakatika. Mabonge juu, maji ya rangi ya ajabu chini, sufuria nzima.

Bi Tausi alifunua mfuniko, akaurudisha. Hakugomba. Alichukua glasi tatu akazijaza mabonge yale na kunipangia mezani, katikati ya wateja.

"Kaa, unywe kazi yako."

Nilikunywa zote tatu, watu wa mnada wananitazama. Ndiyo maana leo hata mkiniamsha usingizini nitawaambia: tangawizi mbichi inachemka na maji kwanza, au mnasubiri maziwa yachemke na kupanda ndipo muitie. Sijawahi kukosea tena, na sijawahi kumwona mtu wa kumfundisha mwenzake upesi kuliko yule mama.

Lakini ninachotaka mjue kuhusu Bi Tausi ni kwamba alikuwa haonji chai. Kamwe. Wapishi wengine huchota kidogo kiganjani, wanalamba, wanaongeza hiki na kile. Yeye alikuwa akifunua mfuniko, anainama, anavuta pumzi mara moja kwa pua, anafunika. Halafu anasema, "Bado," au anasema, "Mimina." Kwa pumzi ile moja alijua kama majani yametosha, kama iliki ni ya zamani, kama maziwa yametoka kwa mfugaji mwaminifu au yamekutana na mto njiani. Niliwahi kumjaribu: nikabadilisha majani, nikatia ya mfuko mwingine bila kusema. Akainama, akainuka, akaniangalia.

"Haya umeyatoa kwa nani?"

Nikaacha majaribio.

Kulikuwa na sheria moja pale kibandani, na naona imepotea kabisa siku hizi: mteja aliyekuja mara ya pili haulizwi anataka nini. Mara ya kwanza utamuuliza. Mara ya pili lazima ujue. Kwa hiyo nilijifunza watu kwa chai yao. Wachimbaji wanaosubiri kushuka walikunywa chai ya rangi, tangawizi kali, ya moto wa kuunguza, wamesimama. Ukimwambia akae anakuona unamletea mkosi. Walewale wakitoka shimoni walitaka ya maziwa, tamu, na walikaa mpaka uwafukuze. Wanunuzi wa dhahabu walikuwa watu wa kisahani: anamimina kidogo kidogo, anapuliza, anafyonza kwa sauti ili ujue yupo. Mwalimu Kulwa wa shule ya msingi alitaka glasi ijae mpaka ukingoni, halafu analalamika kwamba imemwagika, kila siku, na kila siku tulijaza hivyohivyo kwa sababu bila lile lalamiko alikuwa hajanywa. Mama Neema, aliyefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, alikuwa anatoka huko mweupe kwa vumbi mpaka kope. Yeye tulimpa nusu glasi ya kusukutua kwanza, anaitema nje, ndipo tunampa ya kunywa. Usipomjua ungedhani anaidharau chai yako.

Na wazee wetu wa kuchunga, waliokuja siku za mnada na fimbo zao, hawa walinichekesha zaidi. Mmoja aliletewa chai ya rangi kwa makosa. Akaitazama muda mrefu, akamwita Bi Tausi.

"Mayu," akasema, ndivyo tunavyoita mama kwa Kisukuma, "ng'ombe wa chai hii amekufa?"

Bi Tausi alicheka mpaka ushungi ukamfunguka. Tangu siku hiyo wazee wale walipata maziwa nusu kwa nusu, na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vilivyochemshwa, kwa sababu Msukuma hanywi chai mkono mtupu.

Mimi mwenyewe mnajua ninavyokunywa, na mnanicheka. Napenda chai iliyolala. Muuza chai hanywi ya kwanza wala ya pili. Anakunywa kilichobaki chini ya sufuria watu wakishaondoka, nyeusi, chungu, ya vuguvugu. Miaka yote hiyo ulimi wangu ulizoea makombo, na sasa mkiniwekea chai safi ya moto naiona ni ya wageni. Ndiyo sababu naiacha mezani saa nzima, si kwamba nimeisahau, mwambieni bibi yenu aache kuipasha.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zinaanza, Bi Tausi alishikwa na mafua makali. Alilala wiki mbili. Alirudi amekonda, sauti imekauka, akafunga ushungi wake na kusimama jikoni kama kawaida. Asubuhi ile mkaa ulikuwa na moto wa hasira, na mimi nikiwa nje natoa majivu nikasikia harufu ya maziwa yameshika chini. Niliisikia nikiwa hatua kumi. Nikaingia mbio. Nikamkuta Bi Tausi amefunua mfuniko, ameinama, anavuta pumzi.

"Mimina," akasema.

Nikasimama na chujio mkononi. Nilidhani ananijaribu. Alipoona nachelewa akanikaripia, nikamimina. Mwalimu Kulwa alikunywa nusu, na hakulalamika kumwagikiwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Niliangalia kwa siku kadhaa. Iliki ikizidi, "Mimina." Majani yakiwa hayajatoka hata rangi, "Mimina." Pua ilikuwa imekufa, vijana. Mafua yaliondoka nayo.

Ninyi mtasema si jambo kubwa, angeonja kwa ulimi. Mwenye mafua ulimi utamwambia nini? Pua ikifa ulimi unabaki na sukari na chumvi tu, na tena kwake haikuwa kazi ya kuonja. Halafu kulikuwa na binti yake, Hadija, aliyeolewa Ushirombo. Kila akija alimwomba mama yake aache moto na moshi aende akakae kwake. Na kila mara Bi Tausi alimjibu neno lilelile mbele yangu: "Siku nisiyoijua chai yangu, nitaondoka mwenyewe. Sitasubiri kuambiwa." Hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na nyumba Segese, alipanga chumba. Alikuwa na jina lile tu, kwamba chai ni ya Bi Tausi, na watu waliopita mabanda mengine manne kuja kwake.

Kwa hiyo nikimwambia, namfukuza. Na akiondoka, kibanda kinabaki na nani? Na mimi. Watu wangesema Msukuma alimtia mama wa watu maneno ili achukue jiko. Hata nafsi yangu ingesema hivyo, kwa sababu sitawadanganya, nilikuwa nakitamani kibanda kile. Nilikuwa nimeshaoa bibi yenu. Basi nikanyamaza, nikajiona nina huruma.

Nikawa nafika kabla yake. Nikawa napima majani mimi, natia tangawizi mimi, nachagua maziwa mimi, ili akija kuinama akute kila kitu kiko sawa. Akisema "Mimina" wakati bado, nilijifanya naona mdudu, nachukua mwiko nakoroga, nakoroga tena, mpaka ifike. Akisema "Bado" wakati imeiva, nilikuwa nateremsha sufuria nikidai mkaa umezidi. Nikawa mjanja. Yeye naye akawa na maswali ambayo hakuwa nayo zamani.

"Luhende, tangawizi ya leo ya wapi?"

"Ya Kigoma, Bi Tausi. Kali sana."

"Naam," anasema, anafunika mfuniko. "Ni kali."

Nikawa nacheka kimoyomoyo. Tulikwenda hivyo misimu miwili ya mvua. Wateja walioanza kupungua walirudi. Mwalimu Kulwa alirudi kulalamika. Nilikuwa na furaha kubwa, na nilidhani ni siri yangu peke yangu.

Kisha nikafanya kosa, na hili sikulifanya kwa ujinga wa ujana, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Jamaa wa karasha alinipa dumu tupu, la lita ishirini, zuri, lisilo na ufa. Lilikuwa la dizeli. Mnajua mashine zile zinakunywa dizeli, na madumu yake yamezagaa kila mahali huko machimboni. Dumu la namna hiyo linaweza kusafishwa, mimi nimeyasafisha mengi: mchanga na majivu ndani, unalitikisa mpaka mkono ufe ganzi, halafu maji ya sabuni siku mbili, unalianika wazi juani siku tatu. Nililiweka nyuma ya kibanda pamoja na madumu ya maji, nikisema kesho nitaanza. Jioni ileile nikaletewa habari kwamba baba yangu mdogo amefariki kijijini. Nikaondoka kama nilivyo. Sikumwambia mtu neno juu ya dumu.

Angekuwa Bi Tausi wa zamani, dumu lile lisingefika hata mlangoni. Angelisikia likiwa bado barabarani.

Tulizika, nikalala matanga siku mbili, asubuhi ya tatu nikapata lifti. Nilifika Segese saa nne. Huo ndio wakati kibanda hujaa, wachimbaji wa zamu ya kwanza na wanunuzi na akina mama wa karasha wote pamoja. Niliona mabenchi matupu. Nilipokaribia nikaona glasi. Zilikuwa mezani, kwenye mabenchi, mbili zilikuwa chini kwenye mguu wa meza, na zote zimejaa. Zilikuwa zimepoa, utando juu. Hakuna iliyopungua zaidi ya funda moja.

Kijana aliyeteka maji badala yangu alikuwa ameyajaza madumu yote aliyoyakuta, na lile la dizeli pia. Na Bi Tausi alikuwa amepika, ameinama, amevuta pumzi yake, amemimina. Watu walipoonja, kila mmoja aliweka glasi chini taratibu, akasema ana haraka, akaaga kwa heshima. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Watu zaidi ya ishirini, wenye midomo ya kutukana jiwe, waliona haya kumwambia mama yule chai yake inanuka dizeli. Mwishowe ni Mama Neema aliyesema. Alisukutua kama kawaida yake, akatema, akarudi ndani na kumwambia sikioni.

Nilimkuta Bi Tausi amekaa kwenye benchi la wateja. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amekaa pale.

"Pole na msiba," akaniambia.

"Nimeshapoa, mama. Hili dumu ni kosa langu. Ni mimi niliyelileta, sikusema, nili—"

"Luhende." Alikuwa anaziangalia glasi. "Tangu lini unajua?"

Nilitaka kumuuliza ninajua nini.

"Tangu mafua," nikasema.

"Na mimi tangu mafua."

Nje karasha zilikuwa zinaunguruma.

"Nilikuwa nakuona unakoroga," akasema. "Nasema mimina, wewe unakoroga. Nikasema moyoni, siku atakayoacha kukoroga nitajua amenichoka."

"Kwa nini hukuniambia, Bi Tausi?"

"Wewe mbona hukuniambia? Mimi nilikuwa na aibu. Wewe ulikuwa na nini?"

Jibu lake mpaka leo nalitafuta. Kama ningesema siku ya kwanza, tungekuwa wawili tunaojua. Kabla sijaondoka kwenda msibani ningemwambia, mama, mwite Mama Neema akunusie maji. Angemwita. Angekasirika siku mbili, angenitukana, halafu angepanga namna, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kupanga mambo kama yeye. Nilimwacha peke yake na sufuria ambayo hakuweza kuijua, nikaiita huruma.

Nilimbembeleza abaki. Nikamwambia atakaa mezani, mimi nitakuwa pua yake, hakuna atakayejua. Akaniambia wote wameshajua na wamemstahi, na hicho ndicho hawezi kukistahimili, kustahiwa. Ndani ya wiki moja Hadija alikuja na gari. Bi Tausi alichukua nguo zake na kinu chake kidogo cha iliki. Sufuria, majiko na mabenchi aliniachia, na siku ile nilipovipokea sikufurahi hata kidogo. Wateja walirudi baada ya muda. Watu hawana kinyongo na chai. Lakini kila nikifunua mfuniko na kuinama, nilijiona mwizi.

Baadaye nilihamia hapa Geita, nikauza chai miaka mingi, mnajua wenyewe. Nimeona mambo yakibadilika. Mkaa umepungua, gesi imeingia, na sitaisema vibaya gesi kwa sababu bila hiyo macho yangu yangekuwa yameshapofuka kwa moshi. Maziwa yanakuja kwenye pakiti, viungo vinakuja vimesagwa kwenye kopo, na wachimbaji vijana wanakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, wanashuka shimoni macho yamewatoka. Vikombe vya karatasi ndivyo nisivyovipenda. Anakunywa anatupa, anaondoka, hujui hata alibakiza kiasi gani. Niliokuwa nawapikia wote nilijua walivyoamka kwa kuangalia kilichobaki kwenye glasi.

Ushirombo sikwenda. Kila mwaka nilisema nitakwenda, kila mwaka nikapata sababu. Ukweli nilikuwa naogopa uso wake. Mpaka nilipostaafu, bibi yenu akaniambia, "Sasa huna jiko la kusingizia." Nikapanda basi.

Bi Tausi alikuwa ukumbini kwa binti yake, amezeeka sana, mwembamba, ushungi uleule wa kukazwa. Nilipiga magoti nikamsalimu. Alinishika kichwa, akapapasa mvi zangu.

"Marahaba. Umezeeka, Msukuma."

Hadija akaniambia mama bado anakunywa chai mara tatu kwa siku. Nikashangaa, nikamuuliza mwenyewe anapata nini humo. Akasema anapata moto, na anapata kushika kitu mikononi. Nikaomba nimpikie. Nikaingia jikoni, nikawasha jiko la gesi la Hadija, jikoni kwa watu, na sufuria nyepesi nisiyoizoea. Nikampelekea glasi.

Aliishika kwa mikono miwili, hakuinywa.

"Haya, niambie," akasema. "Ikoje?"

Nilikuwa tayari kusema ni nzuri. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nzuri, mama, kama ile yako. Ningesema hivyo angeitikia kwa kichwa, angekunywa, tungeongea habari za wajukuu, ningepanda basi. Hadija alikuwa amesimama nyuma yake ananifanyia ishara kwamba niseme hivyohivyo.

"Maziwa ni mazuri," nikasema. "Ya leo, ya ng'ombe wa nyumbani. Tangawizi iko, inakaa kooni, haichomi. Iliki nimetia mbili, zimetosha. Lakini majani nimeyatia mapema, Bi Tausi. Moto wa gesi umenidanganya, maji yalikuwa hayajachemka sawasawa. Chai imepooza. Ina harufu ya majani mabichi, rangi imekuja lakini ladha haijafika."

Hadija akafunga macho.

Bi Tausi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepitisha kila neno mahali pake. Kisha akaninyooshea glasi, imejaa.

"Sasa unaniletea ya nini? Kamwage, upike upya."

Nikasimama. Mimi mzee mzima, mwenye wajukuu, nikarudi jikoni nikaimwaga nikateka maji mengine. Ya pili aliirudisha pia, kwa sababu nilimwambia nimezidisha iliki kwa woga. Sijawahi kufurahi jikoni kama siku ile, machozi yananitoka huku nasubiri maji yachemke, na yeye kule ukumbini anauliza kwa sauti kubwa huyo Msukuma amelala au anapika.